Bado Kidogo: Jinsi ya Kuifanya Timu ya Programu Ikuambie Mambo Mapema

Siku ya Jumanne kijana mmoja kwenye timu yangu aligundua kwamba namba za wateja zimeharibika. Asubuhi ile alikuwa amehamisha data kutoka jedwali la zamani kwenda jipya. Kwenye jedwali la zamani namba ya mteja ilihifadhiwa kama maandishi. Kwenye jipya ikawekwa kama tarakimu. Kompyuta ukiipa 00417 kama tarakimu, inabaki na 417. Kwetu sisi 00417, 0417 na 417 walikuwa wateja watatu tofauti. Wote wakawa mtu mmoja.

Mchana nikamuuliza kazi inaendaje. "Bado kidogo, dada." Jumatano: "Bado kidogo." Alhamisi: "Bado kidogo, namalizia." Ijumaa jioni, watu wameshaanza kufunga kompyuta zao, akaja akasimama pembeni ya meza yangu. "Dada, nina jambo." Nakala zetu za akiba zilikuwa zinatunzwa siku tatu, kisha zinajifuta. Ile safi, ya Jumatatu usiku, ilikuwa imeshaondoka Alhamisi usiku.

Tulitumia siku tisa kuzirudisha zile namba, tukizisoma moja baada ya nyingine kwenye ankara za PDF ambazo wateja walishatumiwa. Ningeambiwa Jumanne, ingekuwa kazi ya saa moja.

Lakini si hizo siku tisa zilizonibadilisha. Wiki iliyofuata nilimwomba anieleze, bila haraka, siku zile nne zilikuwaje kwake. Akafungua faili la maandishi kwenye kompyuta yake. Ndani mlikuwa na ujumbe aliotaka kunitumia Jumanne, ameuandika mara tatu. Wa kwanza: "Dada samahani kwa usumbufu, naomba kuuliza kitu kuhusu namba za wateja." Wa pili: "Dada, nadhani kuna tatizo dogo." Wa tatu ulikuwa neno moja tu, "Dada", na alama ya mkato. Nikamuuliza kilichomzuia. Akasema wiki mbili kabla ya hapo mwenzake aliuliza swali kwenye kundi letu, nami nikajibu: "Hili si tulishalizungumza?" Mimi jibu lile nilikuwa nimeshalisahau. Yeye alikuwa analikumbuka neno kwa neno.

Ninayoandika hapa ndiyo ninayoyafanya tangu wakati ule, na ndiyo ninayomwambia kila anayekabidhiwa timu kwa mara ya kwanza. Shabaha ni moja: habari mbaya ikufikie ingali changa.

Jibu lako la kwanza

Wengi wakitaka kurekebisha mawasiliano huanza na vikao: cha kila asubuhi, cha wiki, cha watu wawili wawili. Vikao vina kazi yake, ila havifui dafu mbele ya zile sekunde kumi za kwanza baada ya mtu kukuambia jambo baya. Timu nzima inakuangalia wakati huo, hata wale ambao hawakuinua macho kwenye skrini. Utakavyokunja uso ndivyo watakavyopanga cha kukuambia mwezi ujao.

Kwa hiyo jizoeze jibu moja mpaka litoke lenyewe. Langu ni hili: "Ahsante kwa kuniambia. Imeanza lini?" Kisha naendelea na maswali mawili tu: nani anaumia sasa hivi, na tusimamishe nini ili isienee. Swali la nani kafanya halimo. Wakati nyumba inafuka moshi halimsaidii mtu yeyote, na mara nyingi aliyefanya ndiye huyohuyo aliyesimama mbele yako akikuambia.

Ukikasirika, na kuna siku utakasirika, liseme. "Nimeshtuka, nipe dakika tano nirudi" ni maneno ambayo mtu anaweza kuyabeba. Kuhema kwa nguvu na kunyamaza ni kubaya zaidi, kwa sababu kila mtu ataijazia ile kimya tafsiri yake, na hakuna atakayeijazia tafsiri nzuri.

Na kama ulishajibu vibaya, rekebisha palepale ulipoharibia. Mimi nilirudi kwenye kundi lilelile nikaandika: "Siku ile nilijibu swali kwa namna isiyofaa. Swali lilikuwa zuri, na hatukuwahi kuliandika jibu lake popote. Jibu ni hili." Kumwomba mtu radhi faraghani kwa kosa ulilomtendea mbele za watu kunamponya yeye peke yake, wengine sita walioona wanabaki na funzo la kwanza.

Swali lako lisifanane na salamu

Lugha yetu ina adabu inayotuponza hapa. Ukimuuliza mtu "habari za kazi?" atakujibu "nzuri", hata kama seva imelala tangu alfajiri. Hajakudanganya, amejibu salamu. Jambo lenyewe huja nyuma, likitanguliwa na "ila": nzuri, ila. Kiongozi mwenye haraka huwa ameshaondoka kabla "ila" haijafika.

Uliza swali ambalo "nzuri" haiwezi kulijibu. Ninalolipenda kuliko yote: "Ungeongezewa siku mbili kwenye kazi hii, ungezitumia kwenye nini?" Mtu akilijibu anakuonyesha ukuta ulipo na ufa bila kulazimika kutamka neno tatizo. Lingine: "Sehemu gani ungependa jicho la pili liipitie?" Ukishauliza, nyamaza. Nahesabu moyoni mpaka kumi. Mara nyingi jibu la kweli huanza kwenye saba.

Sasa "bado kidogo". Neno hili halina ubaya likisemwa mara moja. Likirudi mara ya pili kwa kazi ileile, navuta kiti. Simhoji, nasema, "Nionyeshe ulipofika." Kama kilichobaki anaweza kukitaja, kwa mfano majaribio mawili na maelezo ya kuandika, basi kweli ni kidogo, namwacha. Kama kila nikimuuliza kilichobaki ananirudishia maneno yaleyale kwa mpangilio mwingine, amekwama, na huenda amekwama tangu jana. "Nashughulikia" na "nitaliangalia" ni ndugu zake. Nawapokea vivyo hivyo.

"Sawa" ina maana nne

Hebu hesabu. "Sawa" inaweza kuwa nimesikia. Inaweza kuwa nimeelewa. Inaweza kuwa nimekubali. Inaweza kuwa nitafanya. Nimewahi kumaliza kikao cha video nimebeba "sawa" tano, moja kwa kila mtu, nikaenda kulala nikiamini wote watano wamenipa ile ya nne.

Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM na nyingine ya shirika la Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia katika kisiwa cha Tenerife. Kulikuwa na ukungu, marubani hawaonani. Kutoka ndege ya KLM ilisikika sauti redioni ikisema sasa wapo kwenye kuruka, kauli inayoweza kumaanisha tuko tayari au tumeshaanza. Mwongoza ndege akajibu "OK", kisha akaendelea kuwaambia wasubiri mpaka awaite. Wakati huohuo Pan Am nao wakazungumza kwenye masafa yaleyale, sauti zikagongana, na kilichopenya vizuri kwa marubani wa KLM ni ile "OK". Watu 583 walikufa. Ajali ile ilikuwa na sababu nyingi, lakini hiyo ya maneno iliwafanya watu wa anga wabadilike: neno la kuruka likawekewa mpaka, linatamkwa pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa, na rubani hurudia kwa sauti sehemu muhimu za maagizo aliyopewa badala ya kujibu kwamba amepata.

Hilo la kurudia ndilo la kuchukua. Kwenye timu yangu kazi yoyote inayogusa data za wateja haifungwi kwa "sawa". Nikisema, "Futa jedwali la majaribio, si la wateja," anayepokea hunirudishia: "Nafuta jedwali la majaribio kwenye seva ya pili, saa nne, baada ya kuchukua nakala." Mara moja mwenzangu alirudia hivyo akataja seva ya kwanza. Tulitazamana, tukakaa kimya kidogo, akarekebisha. Hilo ndilo tukio zima, hakuna kilichoharibika.

Mwanzoni watu huona haya, wanahisi kama wanafundishwa darasa la kwanza. Anza wewe. Mwenzako akikupa kazi, irudie. Haya huisha ndani ya wiki mbili.

Uandishi, hasa wa kuomba msaada

Fred Brooks, aliyesimamia mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM miaka ya 1960, alionyesha hesabu nyepesi inayotisha: timu ya watu watano ina njia 10 za mtu kuzungumza na mwenzake, ya watu kumi ina njia 45. Watu wameongezeka mara mbili, njia zimezidi mara nne. Ndiyo maana timu iliyokuwa inaelewana kwa kutazamana tu huanza kupishana ikifika watu wanane au tisa, na kila mtu hudhani mwenzake ndiye aliyebadilika. Mazungumzo ya pembeni hayawezi kuzijaza njia hizo zote. Lazima mambo yaandikwe mahali ambapo wote wanasoma.

Tatizo ni kwamba kuandika mbele ya wote kunatisha kuliko kumnong'oneza mmoja. Nawapa watu umbo la kushika, mistari minne: nilitaka nini, nilifanya nini, nimeona nini, nashuku nini. Ule ujumbe wa Jumanne ungekuwa hivi:

"Nilihamisha namba za wateja kwenda jedwali jipya saa tatu asubuhi. Nilitumia safu ya tarakimu. Naona sifuri za mwanzo zimepotea na baadhi ya wateja sasa wana namba moja. Nashuku tunahitaji nakala ya jana usiku kabla haijafutwa."

Hauna samahani wala usumbufu, wala neno "dogo". Samahani ikitangulia, msomaji hushughulika kwanza na hisia za mwandishi, na tatizo linasubiri mlangoni. Neno "dogo" ni hatari zaidi, kwa sababu anayelitumia mara nyingi bado hajapima. Heshima ibaki kwenye kumwita mtu dada, kaka au mzee kama mlivyozoea. Isiingie kwenye kupunguza ukubwa wa jambo.

Pia weka muda. Kwetu ni dakika arobaini na tano: ukikwama kiasi hicho bila hatua yoyote, andika hiyo mistari minne. Mara nyingi mtu akifika mstari wa tatu jibu linajitokeza lenyewe, anafuta, anaendelea na kazi. Hiyo nayo ni faida.

Kwa maamuzi makubwa ya usanifu, mwandishi aandike ukurasa mmoja na auite ombi la maoni. Jina hilo lina historia. Tarehe 7 Aprili 1969 Steve Crocker, mwanafunzi wa masomo ya juu aliyekuwa kwenye kundi lililobuni itifaki, yaani kanuni za kompyuta kuwasiliana, za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, alitoa waraka wa kwanza wa mfululizo ambao jina lake kwa Kiswahili ni hilohilo, maombi ya maoni. Alilichagua kwa makusudi, asionekane anawaamuru wakubwa. Mfululizo ule uliendelea mpaka ukawa mahali ambapo kanuni za intaneti zinaandikwa, na jina halijabadilika. Nimeona tofauti kwa macho yangu: waraka ukiitwa "Usanifu wa mfumo mpya" unapata kimya, ukiitwa "Ombi la maoni: mfumo mpya, na sehemu mbili nisizo na hakika nazo" unapata maoni ndani ya siku hiyohiyo. Zile sehemu mbili zitaje kweli. Usipozitaja watu watajua ombi ni la mdomoni.

Kupitia msimbo wa mwenzako

Msimbo ni maandishi yanayounda programu. Hapa sitakaa sana. Kila maoni yaanze na neno moja kati ya mawili, lazima au pendekezo, ili anayesoma ajue kipi kinazuia kazi isitoke na kipi ni ladha yako. Swali liwe swali, "Ulifikiri hii itafanya kazi?" si swali. Na mkibishana kwa maandishi zaidi ya mizunguko mitatu, piga simu, kisha mmoja wenu aandike mlichokubaliana.

Baada ya hitilafu

Jambo likishatulia, kaeni. Kikao hiki ndicho kinachoamua kama mtu atakuambia lingine.

Tazama ilivyokuwa GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya programu mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi aliyekuwa akipambana na tatizo la hifadhidata usiku alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Takriban gigabaiti 300 zikaondoka. Walipogeukia nakala za akiba wakakuta utaratibu wa kila siku ulikuwa haufanyi kazi. Barua pepe za kutoa taarifa kwamba nakala zinashindikana zilikuwa zinatumwa kweli, lakini zilikuwa zinakataliwa kwenye upokeaji. Habari mbaya ilikuwa inatoka kila siku na haifiki. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa kama sita kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine. Kampuni ilieleza yote hadharani, ikarusha moja kwa moja kazi ya kurudisha data, na haikumtoa mhandisi kafara. Kama wangemfukuza siku ile, kikao kingefungwa kwa kuridhika, na barua pepe zile zingeendelea kupotea.

Kwenye kikao chako, acha "kwa nini" nje ya mlango kwa nusu saa ya kwanza. "Kwa nini ulifuta?" kwa Kiswahili ni mashtaka, hata ukiisema kwa upole. "Ilikuwaje mpaka ikafutika?" ni mwaliko. Na hapa lugha yetu inatupa zawadi. Tuna kauli ya kutendeka: imefutika, imevunjika, imeharibika. Inaeleza jambo bila kumnyoshea mtu kidole. Utaratibu wangu ni huu: wanaosikiliza hutumia "ikafutika", na aliyefanya huachiwa yeye mwenyewe aseme "nikafuta". Asilazimishwe. Akiona hakuna anayemwinda, husema, na akisema nafsi ya kwanza maelezo huwa mengi zaidi: "Nilikuwa na madirisha mawili wazi, yote meusi, yote yameandikwa jina la seva kwa herufi ndogo juu." Hapo ndipo dawa ilipo. Wiki ileile tulibadilisha dirisha la seva ya wateja likawa jekundu.

Lakini timu ikizoea "imeharibika" kwa kila mtu, mpaka aliyefanya naye anasema "imeharibika", kauli hiyo imegeuka kichaka cha kujifichia. Ukiisikia hivyo, anza wewe: taja kosa lako la karibuni, kwa nafsi ya kwanza, na kwa undani.

Idadi itapanda kwanza

Ukifanya haya, miezi miwili ya mwanzo utapokea taarifa za makosa nyingi kuliko zamani, na kuna mkubwa atakayekuuliza timu yako imepatwa na nini. Uwe na jibu. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza timu za hospitali miaka ya 1990 akitarajia kwamba timu zinazofanya kazi vizuri pamoja zitakuwa na makosa machache ya dawa. Takwimu zikamwonyesha kinyume: timu bora zilikuwa na makosa mengi yaliyoripotiwa. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba watu wa timu zile walikuwa huru kuyasema. Kwa hiyo usipime idadi. Pima muda kati ya mtu kugundua na wewe kujua. Kwetu ulianza kwa siku. Sasa unahesabiwa kwa dakika, na hiyo ndiyo namba pekee ninayoiandika ubaoni.

Dodoso la siri silitumii kwenye timu ndogo. Watu saba wanajuana mpaka namna ya kuweka nukta. Hakuna siri hapo, na mtu akigundua amejulikana umempoteza.

Kama wewe si kiongozi

Huenda unasoma haya na mkubwa wako ni yule wa "hili si tulishalizungumza". Usimsubiri abadilike. Andika mistari minne, itume pale panapobaki kumbukumbu na saa inaonekana, kisha mfuate mwambie kwa mdomo kwamba umetuma. Mfuate mapema asubuhi kabla siku haijamchosha. Peleka tatizo pamoja na hatua moja ya kuzuia lisienee, hata kama suluhisho huna: "Nimesimamisha uhamishaji" inatosha. Akifoka, rudia hatua inayofuata na muda wake: "Naomba ruhusa ya kurudisha nakala ya jana kabla ya saa sita usiku, baada ya hapo inafutwa." Muda ulio wazi humrudisha mtu kwenye kazi haraka kuliko kujitetea.

Na kama umeshauandika ujumbe mara tatu kwenye faili pembeni, utume ule wa kwanza.